Shehena ya Mtu Mwingine

Miaka ishirini na mitatu nimeshindilia bunduki hii
kwa mdomo, kama mtu anayemlisha mgonjwa:
baruti kwanza, kipimo kimoja cha pembe,
kisha kiraka cha kitambaa cha godoro
kilichopakwa shahamu ya kondoo,
kisha goroli ya risasi niliyoiyeyusha mwenyewe gereji,
kisha mdeki, kwa mkupuo mmoja,
mpaka alama ifike mdomoni.
Ukisahau ya kwanza, zilizobaki ni kazi bure.
Nimeisahau mara kumi na moja. Nahesabu.

Aliyenifunza ni Orrin Stroble wa Wellsboro,
kaskazini ya Pennsylvania, jirani yangu ng'ambo ya uzio,
fundi wa mapaa ambaye maisha yake yote
alipata paa wawili tu.
Nilipomwambia kwetu Handeni tunaiita gobore
alilitafuna neno lile siku nzima.
"Gobore," akasema jioni, tukikung'uta theluji viatuni.
"Jina limepewa na sikio."

Hakunifunza kulenga. Alinifunza kubaki.
Maana upo muda, mdogo, kati ya jiwe na mlio:
cheche zinadondoka kisahanini,
baruti ya nje inafuka usoni,
moto unapapasa kitundu
kama mgeni atafutaye kitasa gizani,
na wewe umeshavuta, umeshaamua,
shingo inawasha, inataka kuinuka ione imepata nini.
Usiinue.

Niliinua miaka sita.

Na Januari zenye unyevu, msimu wa gumegume,
kisahani kinasema *chwa!* basi,
kulungu anakutazama, unamtazama,
anaondoka bila haraka,
nawe unasimama na mtutu umeelekea mbele
ukihesabu hadi sitini, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza,
maana moto uliochelewa si moto uliokufa.

Sheria zake zilikuwa chache. Usipulize mdomo wa bunduki.
Osha siku hiyo hiyo, maji ya moto na sabuni,
hata jiko linuke mayai viza na Verna afungue madirisha.
Usifyatue kamwe shehena ya mtu mwingine.

Machi iliyopita, wiki ya tatu baada ya mazishi,
Verna aliniita. Mpwa wake anaitaka ile ya ukutani;
ningeitazama kwanza?
Niliingiza mdeki. Ukagota kabla ya wakati,
upana wa vidole viwili.
Nikautoa, nikauingiza tena.
"Imo," nikasema.
Verna akaketi. "Ni ya ile Alhamisi," akasema,
"theluji ilimrudisha. Alisema ataimaliza kesho."

Nakiri: nilitoka nayo uani.
Baruti ya kisahani ninayo mfukoni, jiwe kali,
gogo la mkangazi wa majira ya baridi, hatua hamsini.
Mkono wake ulipima, mkono wake ulishindilia;
kilichobaki ni kidole tu,
na kidole ninacho.
Nilisimama pale mpaka masikio yakafa ganzi.

Kisha nikarudi ndani, nikafunga parafujo kwenye mdeki,
nikavuta taratibu, kwa magoti, kama mtu ang'oaye jino.
Goroli ikatoka na alama ya parafujo utosini.
Kiraka kilikuwa cha shati la flaneli; Verna akalitambua,
hakusema la lini.
Baruti niliimwaga kwenye theluji, kavu kabisa,
nyeusi kama siku aliyoipima.
Punje zikakaa pale juu, hazikuzama.

Tukachemsha maji.
Kasiba ilikuwa safi, haikuhitaji kuoshwa.
Tukaiosha.